Aliyefunga Amekufa

Kando ya kaburi la mama, nyumbani kwetu kijijini, kuna mahali ambapo baba aliondoa mawe kwa mikono yake. Ardhi ya rasi yetu ni ya mawe matupu. Ukichimba shimo la choo unakutana na jiwe, ukichimba shimo la mgomba unakutana na mdogo wake. Baba alikaa kiangazi kizima akiyang'oa na kuyapanga pembeni kuwa ukingo mdogo, na kila nilipokwenda kumtembelea alinipeleka kunionyesha, utadhani ni chumba kipya alichoongeza kwenye nyumba.

"Hapa ndipo pangu," aliniambia. "Mama yako huku, mimi huku. Msije mkanipeleka pengine."

Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Hilo ndilo jambo pekee ninalokumbuka baba akiniomba, na pale mahali hadi leo pameota nyasi tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Bunda. Ninafundisha uraia. Kila mwaka ninasimama mbele ya kidato cha pili na kuwaambia kwamba kila mtu katika nchi hii ana uhuru wa kuabudu atakavyo, nao wanaandika, wanapiga mstari chini yake kwa rula, na kwenye mtihani wanapata. Sina ugomvi na somo hilo. Ila tangu mambo ya baba yatokee, nikilifikia huwa ninageukia ubaoni na kuandika polepole, maana sipendi watoto waone uso wangu.

Baba alizaliwa Mkatoliki, kama karibu kijiji kizima. Mama alipofariki ndipo akahamia kwa watu wa banda la mabati. Hawakujiita hivyo wenyewe, lakini ndivyo walivyoitwa. Walikuwa familia chache za wavuvi na wakulima wa muhogo, wakisali ndani ya banda lililozungushiwa mabati mpaka chini, bila kengele wala picha ukutani. Hawakunywa pombe, hawakula nyama ya matanga, hawakugusa chochote kilichonuka mizimu. Niliposikia sikufurahi, lakini nilimwelewa. Mgane akikosa wa kuongea naye jioni, hata banda la mabati linakuwa nyumba.

Simtakasi. Baba yangu hakuwa malaika, alikuwa na mdomo. Akishaamini jambo, lazima na wewe uambiwe, uwe umeuliza au hukuuliza. Alikuwa anasimama mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, na kuwaambia wenzake kwamba wanachanganya Mungu na mizimu kama mtu anayetia mafuta ya taa kwenye maziwa. Walimtania: "Mchungaji, ziombee basi nyavu zetu." Naye alizifuata nyavu na kuziombea kweli, macho amefumba, wao wakicheka. Mpaka hapo ulikuwa utani. Kijiji kinaweza kumvumilia mtu mwenye mdomo miaka nenda miaka rudi, mradi mvua inanyesha na dagaa wapo.

Kisha ziwa likapanda.

Wanaokaa mbali na maji hawataelewa. Bustani za ukingoni zilimezwa pamoja na mabamia yake. Vichanja vya kuanikia dagaa vilisombwa. Watu waliozoea kusikia maji kwa mbali wakawa wanayasikia ukutani. Halafu vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wakazama wakienda kutega, na miili yao ikachelewa kuonekana. Nimesoma maandishi ya wataalamu kuhusu kwa nini watu huwaonea wenzao kwa sababu ya dini, na wana maneno mazito juu ya jambo hilo. Kwetu mimi niliona woga. Watu walioogopa maji hawakuwa na namna ya kuyachapa maji, wakamtafuta mtu.

Ipo desturi kwenye ufukwe wetu, mtu akifa majini. Kila kaya inachota majivu ya jiko lake katika kipande cha kibuyu. Mmoja wa nyumba hiyo anaingia ziwani mpaka magotini, anageuka kuitazama nchi kavu, anayamwaga nyuma yake bila kuangalia, anatoka. Basi, hakuna zaidi. Ila ni nyumba zote au hakuna. Ikikosekana moja, wazee wanasema, ziwa linahesabu. Wakatoliki walikwenda. Walokole walikwenda. Katekista alikwenda asubuhi na mapema kabla ya kengele, na hakuna aliyemuuliza. Ningekuwapo, nadhani hata mimi ningekwenda, na nisingejiona nimeabudu kitu.

Baba alikataa, na watu wote wa banda la mabati wakakataa pamoja naye.

Hakukataa msiba. Alikuwa kwenye boti za kuwatafuta wale vijana, na walipopatikana ndiye aliyekwenda na mtaimbo wake, ile nondo nene ya kupasulia mawe. Kaburi lolote kijijini kwetu lilichimbwa kwa mtaimbo wa baba, kwa sababu majembe kwenye ardhi ile yanapinda tu. Aliwachimbia, akawafukia, akalia. Majivu tu ndiyo aliyoyakataa. Mzee aliyesimamia desturi za ufukwe alimfuata pale mwaloni, mbele ya watu, akamsihi. Nimesimuliwa na wengi na wote wanasema hivyo, kwamba alimsihi kwanza.

"Mwenzangu, ni majivu tu. Hata sisi tunasaligi."

"Kama ni majivu tu, kwa nini yangu yanahitajika?" baba akamjibu. "Mimi nitamwomba Mungu maji yarudi. Siwezi kuyaomba maji."

Angeishia hapo. Lakini mdomo ukamponza, akaongeza kwamba wanalolifanya ni uchafu wa shetani, na mama wa wale vijana alikuwa amesimama karibu, amefungwa kaniki, anasikia. Sijui kama baba alimwona. Nilipomuuliza baadaye aliniuliza habari za shule.

Jumapili hiyo, baada ya misa, wazee walikutana kando ya vichanja vilivyobaki. Yule mzee akatamka. Kwetu hilo huitwa kutengwa, na kila mtoto anajua maana yake kabla hajajua kusoma. Hakuna salamu, hakuna kuombana moto, hakuna chumvi, hakuna kuzikana. Wao na wa kwao muwaone kama hawapo. Atakayewasalimia atakwenda pamoja nao. Mpaka ziwa lirudi.

Mji wa baba mdogo uko jirani na wa baba. Kati yao kuna uzio wa manyara tu, tena wenye pengo ambalo hawakuwahi kuliziba, kwa sababu walikuwa wakipita hapo kwenda kula. Ugali ukipikwa huku, wanakula wote huku, ukipikwa kule, wote kule. Baba mdogo ni mtu mpole, mpiga ngoma wa kwaya ya kanisani, na kwa kaka yake alikuwa hapiti asubuhi bila kusimama penye pengo na kusema, "Shikamoo kaka." Jumatatu ile hakusimama. Baba alikuwa ameshatoka na kiti chake, kama kawaida, akingoja. Aliniambia alidhani mdogo wake anaumwa.

Nilipokwenda likizo nilijionea mwenyewe. Nilipita penye pengo, nikapiga goti kama nilivyofunzwa, nikasema, "Shikamoo baba mdogo." Alikuwa anashona nyavu. Mkono ukasimama. Aliutazama ule uzi muda mrefu, halafu akaendelea kushona. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, lakini nilirudi kwa baba nikilia kwa hasira. Baba ndiye aliyenituliza. "Usimlaumu," alisema. "Ana watoto watano pale. Wakitengwa wataoa wapi?"

Banda la mabati halikuchomwa moto wala hakuna aliyepigwa. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikiliza huwa wanangoja nifike kwenye damu. Hakukuwa na damu. Mwenye duka alikuwa ghafla hana sukari. Watoto wao walikaa kwenye dawati peke yao, na mwalimu hakulazimisha mtu. Fundi wa mashine za boti, ambaye alikuwa mwenzao, alikaa wiki na wiki bila kazi, akahamia Makoko, mjini, na mke wake. Mwingine akarudi Ukatoliki, akamwaga majivu yake huku watu wakimpigia vigelegele, na tangu siku hiyo hakumtazama baba machoni. Banda likabaki na baba na wajane wawili, na upepo ukiingia unayapiga mabati yake kutwa nzima.

Kijiji nacho kilijikata. Mashine ya boti ikiharibika walilazimika kuibeba mpaka Mwigobero, mwalo wa mjini, na kungoja zamu huko. Kisha akafa bibi mmoja aliyekuwa amewazalisha nusu ya akina mama wa pale, na kaburi lake likawashinda. Vijana walihangaika na majembe, wakakutana na jiwe, wakahama, wakakutana na jingine. Baba alisikia zile kelele za jembe kwenye jiwe kuanzia asubuhi. Akauchukua mtaimbo, akaenda akaulaza njiani mahali ambapo lazima waupite, akarudi nyumbani bila kusema neno. Jioni alikwenda kuutazama. Ulikuwa palepale. Walikuwa wameuruka. Bibi yule alizikwa kwenye kaburi la kina kifupi sana, na mvua za masika zilipokuja ndugu zake walikuwa wakienda kurudishia udongo.

Na ziwa likarudi. Lilirudi taratibu, likaacha matope na mashina ya mibuyu midogo iliyokauka. Redioni walisema mvua zimepungua huko juu. Kijijini walisema ni majivu. Baba alisema ni maombi. Kila mmoja alijipongeza, na nilifikiri hapo ndipo mambo yatakapokwisha, kwa kuwa kila mtu ameshinda.

Baba alivaa shati lake la sikukuu, akatoa viti, akanyunyiza maji uani vumbi lisiinuke, akakaa kungoja waje kumfungua kifungo kile cha kutengwa. Hawakuja. Yule mzee aliyetamka alikuwa amekufa kwa ugonjwa wakati maji bado yako juu, na kwetu aliyefunga ndiye anayefungua. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza kabla hajafa. Hakuna aliyejua kama neno lake linaweza kufunguliwa na mtu mwingine, au mtu huyo akilifungua litamrudia yeye. Walikaa vikao. Kila kikao kilikubaliana kwamba jambo hili limezidi, kila mtu akarudi kwake, na kesho yake wakampita baba njiani kama hawamwoni.

Nilikwenda serikalini. Ofisi ya kata walinipa kiti, wakanisikiliza vizuri, wakaniambia kisheria kitu kama hicho hakipo. Nikawaambia ni kweli hakipo, na baba anakula peke yake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu niliyesoma naye shule ya msingi, akanipokelea nyuma ya nyumba.

"Mwalimu, hakuna anayemchukia mzee," aliniambia. "Nakuapia."

"Basi msalimieni."

Alikuna kichwa. "Nani aanze?"

Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na watu wenye chuki, nikawakuta wamechoka, wanaona haya, na kila mmoja anamngoja jirani yake. Chuki ingekuwa na mwenyewe, ningekwenda kugonga mlango wake.

Baba alipoanza kuvimba miguu nilimchukua Bunda. Hakutaka. Alikuwa na hofu akiondoka, hawatamrudisha. Nilimwahidi kwamba nitamrudisha mimi. Alikaa kwangu akitazama dirishani na kuwauliza watoto wangu kama kuna simu kutoka kwa mdogo wake. Alifia hospitali ya mjini mchana wa kawaida, wakati nimetoka kumnunulia chungwa.

Tulimweka kwenye gari, mimi, mume wangu, wale wajane wawili, na yule fundi wa Makoko. Tulikuwa na mbao na simenti na vijana wa kutuchimbia kutoka Kamunyonge. Njia panda ya kuingia kijijini tulikuta wanaume wamesimama. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikashuka na maneno yangu yote mdomoni. Walikuwa watoto wa baba mdogo. Yule mkubwa, niliyembeba mgongoni akiwa mdogo, alivua kofia.

"Dada, pole," alisema, na hapo tayari alikuwa amevunja sheria. "Tunakuomba. Ukimwingiza, sisi ndio ukoo, lazima tumzike. Tukimzika tumekwenda naye. Tukikaa ndani, asipozikwa na ukoo, ni laana kwetu vilevile. Wewe utarudi Bunda. Sisi tunabakigi hapa."

Mdogo wake alikuwa analia waziwazi. Hakuna aliyeinua mkono wala sauti. Nimefikiri mara nyingi kwamba kama wangeturushia mawe ningepita. Mume wangu alinishika bega. Nikarudi garini, nikampigia mjomba.

Mama alizaliwa Butiama. Wajomba zangu ni wakulima na wafugaji, Wakatoliki wa rozari shingoni, na kwao kama kwetu, mwanamume kuzikwa ukweni ni aibu ambayo watu huisema kwa kunong'ona. Mjomba alinisikiliza, akauliza tuko wapi, kisha akasema, "Mleteni. Shemeji yangu hawezi kulala barabarani." Walimchagulia mahali nje kidogo ya mstari wa makaburi yao, karibu na njia ya ng'ombe, mahali pa mgeni. Siwalaumu. Hapakuwa na desturi ya jambo lile, walilibuni wakiwa wamesimama.

Asubuhi yake, vijana wakiwa wameanza kuchimba, baba mdogo akatokea. Alikuwa amevuka na boti ya kwanza mpaka Mwigobero, akapanda basi, akatembea kutoka barabarani, amebeba begani kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Akakifungua. Ulikuwa mtaimbo wa baba. Alikuwa amepita penye lile pengo la manyara na kuuchukua.

Nilipiga goti bila kufikiri. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," alisema. Akauweka mtaimbo chini. "Marahaba. Marahaba mwanangu. Na za zile siku zote."

Aliingia shimoni na hakutoka. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Udongo wa pale ni laini, haukuhitaji mtaimbo hata kidogo, jembe lingetosha, lakini aliupiga chini tena na tena kama tuko kwetu penye mawe. Watu wa banda la mabati waliimba nyimbo zao. Wajomba walingoja mpaka wamalize, kisha wakasali Salamu Maria kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Jeneza liliposhushwa baba mdogo aliinama ukingoni na kusema, kwa sauti ya kawaida, kama aliyesimama penye pengo, "Shikamoo kaka." Akangoja. Sisi wote tukangoja pamoja naye. Kisha mjomba akamshika mkono.

Jioni nilimsindikiza barabarani. Mtaimbo aliniachia mimi. Alisema akirudi nao ataulizwa. Basi lilipoonekana akanigeukia.

"Mwanangu, tukikutana kule usinisalimie," alisema. "Huku hawanioni. Kule nikisikia shikamoo yako nitaitika, najijua. Nikiitika, watoto wangu wamekwisha."

Nilimkubalia.

Likizo iliyofuata nilikwenda kijijini kupalilia kaburi la mama. Nyumba ya baba imefungwa, na popo wameingia darini. Nilipalilia, nikaondoa na nyasi zilizoota mle ndani ya ukingo wa mawe, ingawa sijui nilikuwa namwandalia nani. Nikamwambia mama kwamba baba yuko kwao Butiama, kwa kaka zake, njiani wanapopita ng'ombe, na kwamba yeye hapa atalala peke yake kwa watu wa mume wake. Nilisema kwa sauti ya kutosha, maana ng'ambo ya manyara nilisikia mtu ameacha kushona nyavu.

Nilipotoka nilimkuta amesimama penye lile pengo. Jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo ya maji. Nilifunga mdomo kama alivyoniomba, nikapita karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua, na baba yangu mdogo, ili kunisaidia, akanigeuzia mgongo.